Madume Wawili wa Zambarau

Shemeji yangu, kaka mkubwa wa mke wangu, ana imani moja isiyotikisika kuhusu vifaa vyote vya duniani: chenye namba kubwa ndicho kizuri. Tochi, redio, betri, vyote anavipima hivyo. Na kaka wa mke, kama unavyojua, habishiwi mbele za watu. Unamwambia "sawa shemeji", halafu unakwenda kunung'unikia nyumbani, ambako nako unaonywa usimseme vibaya kaka wa mtu.

Basi tukapata nafasi ya kwenda kuwinda kulungu. Bunduki ilikuwepo, kibali kilikuwepo, kilichokosekana ni macho. Tukachanga. Hazikuwa hela za kutamba nazo: zilitosha darubini moja nzuri ya mkononi, au darubini moja mbovu pamoja na teleskopu moja mbovu zaidi. Kisia mwenyewe tulinunua nini.

Mimi nilikuwa nimejisomea. Nikamweleza kwamba zile namba zilizoandikwa kwenye darubini, tuseme 8x42, ya kwanza ni mara ngapi inakuza, na ya pili ni kipenyo cha lenzi ya mbele kwa milimita. Ukigawa ya pili kwa ya kwanza unapata upana wa mwanga unaotoka nyuma na kuingia jichoni. 42 gawa kwa 8 ni milimita 5 na ushei. Alfajiri na magharibi, saa ambazo kulungu ndio hutoka, mboni ya mtu mzima hutanuka kufikia kama kiasi hichohicho, ya kijana hata 7, kwa hiyo ukiwa na darubini hiyo jicho linashiba. Sasa ukichukua inayokuza mara nyingi yenye lenzi ndogo...

"Shemeji," akanikatiza, "unanunua darubini au unafanya mtihani wa hesabu?"

Muuzaji akacheka. Hapo nikajua hela zimeshakwenda.

Aliyoichagua ilikuwa ile ya kuzungusha: unasogeza kidude na ukuzaji unapanda wenyewe, kutoka mara 10 hadi mara 60. Lenzi ya mbele, milimita 30. Fanya hesabu hiyo ya mtihani: ukiipandisha hadi mwisho, mwanga unaobaki kukufikia ni wa upana wa nusu milimita, yaani unachungulia pori kupitia tundu la sindano. Boksi lake lilikuwa na picha ya tai aliyevutwa karibu mpaka unaona jicho lake linakulaumu. Lenzi zenyewe zilikuwa nyekundu, zinang'aa. Shemeji akasema wekundu ule ni dawa ya kuonea gizani. Dawa ya kweli ya lenzi kazi yake ni kupunguza mwanga unaorudi nje, maana kila uso wa kioo usiopakwa kitu hurudisha kama asilimia 4, na ndani ya darubini nyuso za namna hiyo ni nyingi. Wekundu ule ulikuwa unarudisha rangi nyekundu nje na kukuachia dunia ya kijani-kijani.

Akaijaribu mlangoni, saa sita mchana, kwa kusoma bango la ng'ambo ya barabara. Jamani, saa sita mchana kila darubini ni nzuri! Hata kitako cha chupa kinasoma bango saa sita mchana. Darubini inajaribiwa magharibi, jua likishazama, unaangalia chini ya kichaka chenye kivuli uone kama matawi yanaachana au yamekuwa uji mweusi. Yule muuzaji alikuwa anafunga kabla ya saa hizo, na nadhani hakuwa na haraka ya kwenda popote.

Pembeni palikuwa na darubini ya umbo la kizamani, ile yenye mabega, ambayo prizimu zake za ndani, yaani vile vipande vya kioo vinavyogeuza njia ya mwanga, zimepangwa kwa mtindo aliousajili Mwitaliano Ignazio Porro mwaka 1854. Haina urembo wowote. Lakini mtindo ule si mgumu kuutengeneza ukatoka vizuri, ndiyo maana kwa mwenye hela kidogo mara nyingi unampita yule aliyenunua nyembamba iliyonyooka ya bei hiyohiyo. Zile zilizonyooka prizimu zake zinadai usahihi mkubwa na kupakwa dawa maalumu, mambo ambayo kiwanda cha kubana matumizi hakihangaiki nayo. Nikamwonyesha. Akaishika, akaigeuza, akasema ya hivi alikuwa nayo babu yake.

Babu yake, kwa taarifa yako, alikuwa anarudi na nyama.

Nikafanya jaribio la mwisho. Nikaishika ile ya kwake mbali na uso, kwa urefu wa mkono, nikaielekeza kwenye mwanga na kutazama vile viduara vinavyoonekana kwenye vioo vya upande wa jicho. Vinatakiwa viwe mviringo kamili. Hivi vilikuwa na kona, dalili kwamba prizimu ni za kioo hafifu kinachokata mwanga pembeni. Nikafungua mdomo. Shemeji akanitazama. Nikaufunga.

Kwa hela zilizobaki akachukua na teleskopu ya kupachika kwenye stendi. Stendi yenyewe ilikuwa na miguu mitatu na urefu wa shubiri moja. Iweke akilini shubiri hiyo.

Kiongozi wetu porini alikuwa dada mmoja mkimya, darubini yake imetulia kifuani kwa mikanda ya kupita mabegani, 8x42 yenye mabega, rangi imebanduka kwenye kona zote. Alfajiri akatupandisha kwenye mgongo wa kilima chenye upepo wa kutupiga usoni, akatuambia tukae, tuangalie taratibu kutoka kushoto kwenda kulia, tusiongee.

Shemeji akatoa chombo chake. Kilikuwa kimelala ndani, kwenye joto. Kilipokutana na baridi ya asubuhi kikajaa ukungu. Akafuta lenzi kwa ncha ya shati, ambayo ni njia ya uhakika ya kuikwaruza. Akafuta tena. Akaipulizia pumzi, akafuta kwa nguvu. Ukungu ukabaki umetulia palepale, kwa sababu ulikuwa upande wa ndani wa kioo. Darubini zilizozibwa sawasawa hujazwa naitrojeni kavu ili hilo lisitokee. Ya kwetu ilijazwa hewa ya siku iliyofungwa, na nadhani siku hiyo kulikuwa na mvua.

Ukungu ulipopungua kidogo, akasogeza kile kidude hadi mwisho. Mara 60, kwa mkono mtupu! Watu wanaoshinda porini wanakwambia mara 10 ndiyo karibu na mwisho wa mkono wa binadamu. Zaidi ya hapo ni stendi, kwa sababu unachokuza si mnyama peke yake, unakuza na mapigo ya moyo wako, na pumzi, na ile chai uliyokunywa. Akaanza kutafuta. Na kwa ukuzaji ule hata kichaka kizima hakienei kwenye kioo, kwa hiyo alikuwa anatembea porini jani kwa jani.

"Nimewaona," akanong'ona ghafla. "Wawili."

"Wawili nini, shemeji?"

"Madume. Wamesimama sambamba. Mmoja yuko juu kidogo ya mwenzake."

Dada akainua darubini yake, akaangalia upande ule muda wa kupepesa jicho, akaishusha. "Mzee, pale ni..."

"Shhh! Binti, wanyama wana masikio."

Dada akanyamaza. Nilimwona akiegemea mti na kunyoosha miguu, jambo ambalo lingenipa fununu kama ningekuwa na akili ya asubuhi.

"Wanatetemeka," shemeji akaendelea. "Wametuhisi hawa."

"Wana rangi gani?"

Akakaa kimya kidogo. "Weusi. Lakini migongoni wana zambarau."

"Kulungu wa zambarau?"

"Ni wa aina adimu."

Nikaomba na mimi nione. Nikaona kweli: maumbo mawili meusi yenye pembe, yamezungukwa na ukingo wa zambarau, yanatetemeka ndani ya ukungu. Kichwa kikaanza kuniuma papo hapo. Nikafumba jicho la kushoto, dume mmoja akatoweka. Nikalifumbua nikafumba la kulia: yule akarudi, mwenzake akaondoka. Basi nikaelewa. Mirija miwili ya darubini ile haikuwa inatazama upande mmoja. Kila jicho linaletewa pori lake, na ubongo ndio unabeba kazi ya kuyaunganisha mpaka unachoka. Zambarau nayo ni lenzi inayoshindwa kukutanisha rangi mahali pamoja, inaonekana zaidi kitu cheusi kikiwa mbele ya anga jeupe.

"Shemeji," nikanong'ona kwa adabu zote, "hebu fumba jicho moja."

"Kwa nini?"

"Fumba tu."

Akafumba. Akashtuka mpaka kofia ikaanguka.

"Mmoja kakimbia! Twende, kabla huyu naye hajaondoka!"

Nifanye nini? Kwanza lakini akataka kuthibitisha kwa teleskopu. Akaipachika kwenye stendi yake ya shubiri, na kwa kuwa kimo chake ni hicho, ilimbidi alale kifudifudi, kidevu ardhini. Nyasi za pale zilikuwa zinafika magotini. Akazungusha, akalenga, akazungusha tena, na kilichojaa kioo kizima kilikuwa bua moja la nyasi lenye umande, na juu ya bua hilo mdudu anajisafisha masharubu. Lazima niwe mkweli, mdudu yule alionekana vizuri sana, ndicho kitu pekee vifaa vyetu vilichokionyesha sawasawa siku ile.

Hakujua kuwa amelala juu ya njia ya siafu. Nilianza kuona buti lake la kulia likitikisika. Halafu la kushoto. Halafu kiuno kikaanza kwenda peke yake, huku mkono umeziba mdomo, macho yamemtoka, maana wanyama wana masikio. Kama hujawahi kumwona mtu mzima mwenye heshima zake akivua suruali kimyakimya akiwa amelala kifudifudi, sina namna ya kukusaidia. Mimi niliuma kola ya koti langu. Dada akageuka akaangalia upande mwingine kwa muda mrefu, mabega yanamtikisika.

Alipojifunga mkanda, akili ikampeleka kwenye bunduki. "Ngoja nimwone kwa darubini ya bunduki." Hapo dada akasimama, sauti imebadilika.

"Hapana, mzee. Bunduki haielekezwi kwa kitu ambacho hujakijua. Unakijua kwanza, kwa hiyo ya shingoni."

Ndiyo maana hasa mwindaji hununua darubini ya mkononi kabla ya kitu kingine. Shemeji akakubali, bunduki ikabaki kwa dada, haina risasi, na sisi tukaanza kutambaa ili "tukakijue" kwa karibu. Ilikuwa kama mita 600. Mandhari yangu njia nzima ilikuwa soli za buti za shemeji na siafu mmojammoja waliochelewa kushuka. Kila baada ya hatua kadhaa anasimama, anainua darubini, anatoa taarifa: bado yupo. Hajasogea. Ana ujasiri. Yule mwingine karudi!

Jua lilipopanda hewa juu ya nyasi ikaanza kuchezacheza kwa joto, kitu ambacho ukuzaji mkubwa hukikuza pia, na taarifa zikabadilika. "Anacheza," akasema. "Anacheza na mwenzake."

Tulipokaribia vya kutosha kuona kwa macho aliyotupa Mungu, shemeji akasimama wima polepole. Nikasimama na mimi. Mbele yetu palikuwa na nguzo mbili za chuma, na juu yake ubao. Kwenye ubao pamechorwa kulungu mweusi, dume, kichwa juu, pembe safi. Chini yake, kwa herufi kubwa: MWISHO WA ENEO LA KUWINDA.

Tukautazama muda. Kwenye bega la yule kulungu palikuwa na matundu ya risasi, ya siku nyingi, yameshika kutu pembeni. Shemeji akasogea, akatia kidole kwenye tundu moja, kisha kwenye la pili, na uso wake ukaanza kurudiwa na uhai.

"Unaona?" akasema. "Si sisi tu."

Dada tulimkuta palepale chini ya mti. Nikamuuliza kama alijua. "Nilitaka kusema," akajibu, "mzee akaniambia wanyama wana masikio." Akanywa maji kidogo, akaongeza: "Mlipokuwa mnatambaa alipita mmoja hapo nyuma yenu. Dume. Alisimama akawaangalia."

Msimu uliofuata mchango wangu niliutoa peke yangu, ukaishia kwenye darubini moja tu, ya mabega, ya mtumba, niliyoijaribu magharibi kwa jicho moja moja na kwa yote mawili. Teleskopu sijanunua na sioni haraka, labda siku nitakapoweza na stendi ya kufika kifuani.

Shemeji ya kwake aliamua kuiuza, na tangazo akaliandika mwenyewe: "Darubini ya kuwindia, haijatumika sana. Unaona wanyama mara mbili ya darubini za kawaida." Akanipa nilisome nione kama lina kosa. Nikalisoma mara mbili, nikamrudishia. Halikuwa na neno hata moja la uongo.