Waini nyeupe za Savoie siyo za kushushia jibini tu

Kuna kitu kinanikera kila tukikaa na wapenzi wa waini, ukitaja Savoie tu wanakwambia aah ile ya kunywa na fondue, yaani jibini iliyoyeyushwa, ukitoka kuteleza kwenye theluji, mada imefungwa. Hapana jamani. Savoie ni eneo dogo la Ufaransa chini ya milima ya Alps, siyo mbali na Geneva, mashamba yake yote ya mizabibu ni kama hekta 2,000 hivi, haifiki hata asilimia moja ya waini ya nchi nzima, lakini ina zabibu zake yenyewe ambazo kwingine huzipati kirahisi.

Chukua Jacquère, ndo inayolimwa zaidi. Pale Apremont na Abymes, mwaka 1248 ubavu wa mlima Granier uliporomoka usiku ukafukia vijiji na watu wake, na mizabibu ya leo imepandwa juu ya kifusi kilekile cha mawe ya chokaa, mengine makubwa hadi leo yako katikati ya mashamba. Waini yake nyepesi, rangi inakaribia maji, kilevi mara nyingi asilimia 11 hivi, ukiinusa unapata limau na jiwe lililonyeshewa, ukimeza mdomo unabaki msafi unataka kula tena. Watu wanalalamika eti haina uzito. Uzito wa nini sasa? Weka mezani samaki wa ziwani waliokaangwa wakakauka vizuri, waini nzito ya pipa la mwaloni itawafunika kabisa, ila kwa Jacquère ladha ya samaki utaisikia yote.

Anayetaka iliyoshiba kidogo kuna zabibu ya Altesse, ndo inayotengeneza waini ya Roussette de Savoie, hiyo ukiiacha chupani miaka kadhaa inaanza kutoa harufu ya asali na karanga.

Ila inayoniuma roho ni Gringet. Iko Ayze, njia ya kwenda Chamonix, hekta chache tu, na kwa muda mrefu ilikuwa inatengenezewa waini ya mapovu basi, wengine wakidhani ni Savagnin, zabibu ya eneo la Jura, mpaka vipimo vya DNA vikaonyesha siyo. Dominique Belluard, mtengenezaji waini wa Ayze aliyefariki 2021, ndo alifanya watu wa mbali waanze kuitafuta. Chardonnay inalimwa dunia nzima, hata Savoie ipo, lakini wakulima wa Ayze wakichoka wakang'oa Gringet yao hakuna pengine pa kwenda kuichukua.

Kwa hiyo mkiingia dukani msiishie kwenye chupa ya bei ya chini kabisa, angalieni yenye jina la mahali ilipotoka, Apremont, Abymes, Ayze, ongezeni hela kidogo. Na msiigandishe! Itoeni kwenye friji kama dakika 20 kabla, maana ikiwa baridi mno Jacquère inabaki uchachu mtupu na ndo hapo watu wanasema haina ladha.