Mzee Kalipa, Tamthilia Imehama

Jumapili jioni baba aliniita kwa sauti ya mtu aliyeibiwa. Nikafika sebuleni nikamkuta kaikamata rimoti kama ushahidi wa kupeleka polisi. Tamthilia anayoifuata tangu mwaka juzi, ile ambayo nyumba nzima tumejifunza kunyamaza inapoanza, haikuwepo. Saa yake ilipofika kulikuwa na marudio ya kipindi cha kupamba nyumba, na chini ya kioo maandishi yanapita polepole: msimu mpya unapatikana kwenye programu yetu pekee, jiunge leo.

"Si nimelipa?" akaniuliza.

Kalipa. Kifurushi cha juu kabisa, miaka tisa sasa, na hajawahi kuchelewa hata mwezi mmoja. Nikapiga simu huduma kwa wateja. Baada ya kusikilizishwa wimbo uleule mpaka nikaujua kwa moyo, dada mmoja mpole akanieleza kwamba kifurushi cha mzee ni cha dishi, na programu ya simu ni "bidhaa nyingine". Kampuni ileile, nembo ileile, tamthilia ileile, ila bidhaa nyingine. Nikamuuliza: sasa bei ya kifurushi cha dishi imeshuka kiasi gani, maana kuna kitu kimetolewa humo? Akakaa kimya kidogo. "Haijashuka kaka, huduma imeboreshwa."

Imeboreshwa! Siku hizi nikiona ujumbe unaoanza na "mteja wetu mpendwa, tumeboresha", mkono unakwenda wenyewe mfukoni kuilinda pochi.

Najua lawama inayofuata hapa, kwa sababu tumeiimba miaka mingi: kwa nini tuuziwe chaneli 150 wakati tunatazama sita? Samahanini wenzangu, mimi kwenye kwaya hiyo nilishatoka. Kifurushi chenyewe hakijawahi kuwa dhambi. Chukua wateja wawili. Mimi niko tayari kutoa 10 kwa mpira na 3 kwa tamthilia. Baba yangu ni kinyume changu: 10 kwa tamthilia, 3 kwa mpira. Muuzaji akiuza kimoja kimoja kwa 10, kila mmoja wetu atanunua anachokipenda, yeye atapata 20, na mimi sitaona tamthilia hata siku moja. Akivifunga vyote pamoja kwa 13, sote wawili tunanunua, yeye anapata 26, na sote tunaona vyote. Katukamua mpaka tone la mwisho, sikatai, lakini kila mtu kapata kitu ambacho peke yake asingekinunua. Wachumi Gregory Crawford na Ali Yurukoglu waliupima ubishi huu kwa takwimu za Marekani, wakachapisha mwaka 2012, na walichokikuta ni kwamba chaneli zikiuzwa mojamoja, wenye chaneli hupandisha kile wanachowatoza wasambazaji, yaani kampuni za dishi na waya, karibu maradufu, na ile nafuu tuliyokuwa tukiiota inayeyuka.

Kwa hiyo kifurushi kilikuwa na maana, lakini kilikuwa na maana kwa sharti moja ambalo halikuandikwa popote kwa sababu kila mtu alilijua: nitakulipia takataka zako zote, mradi ninachokitazama kimo humo. Nimelipia chaneli za mapishi, za mnada wa vito, za watu wanaovua samaki kisha wanawarudisha majini. Sikulalamika. Hiyo ndiyo ilikuwa sehemu yangu ya mapatano.

Sasa turudi kwenye hesabu yetu uone walichofanya. Tamthilia imehamishiwa kwenye programu, inauzwa 10. Mpira umebaki kwenye dishi, na dishi bado ni 13, maana "limeboreshwa". Nyumba iliyokuwa ikilipa 13 kuona vyote viwili, leo inadaiwa 23. Hakuna dakika moja mpya ya kutazama iliyoongezwa. Kilichoongezeka ni njia ya kupitishia, tena hiyo nayo unajilipia mwenyewe kwa bando lako la intaneti.

Na usidhani wamekosea. Kampuni yenye dishi ikianza kuuza mtandaoni inajikuta kati ya maji mawili. Ikiweka kila kitu kwenye programu kwa bei ya chini, wenye ving'amuzi watahama wote kwa mpigo. Ikiweka mabaki, hakuna mgeni atakayejiunga. Basi inagawanya: mechi za mubashara zinabaki kwenye dishi ili wazee wasiondoke, tamthilia mpya zinapelekwa kwenye programu ili vijana waje, na mwenye kupenda vyote analipa mara mbili. Fedha ya kujengea nyumba mpya inatoka kwa wapangaji wa nyumba ya zamani, ile inayong'olewa milango kila mwezi. Baba yangu ni mwekezaji katika kampuni ile, tatizo ni kwamba hana hisa. Mgeni aliyejiunga jana kapewa nusu bei kwa miezi mitatu, yeye wa miaka tisa kapewa ujumbe wa shukrani.

Mkisema ni hasira za mtu mmoja na baba yake, basi nawapeleka Marekani, mwaka 2023. Charter, moja ya kampuni kubwa kabisa za televisheni ya waya kule, iligombana na Disney kwa maneno yaleyale ya baba yangu: si tumelipa? Charter ilikuwa ikiilipa Disney zaidi ya dola bilioni 2 kwa mwaka kwa ajili ya chaneli zake, huku vitu vizuri vikielekezwa kwenye programu zake za mtandaoni, Disney+ na Hulu, ambako mteja yuleyule anatakiwa kulipa upya. Agosti 31 chaneli zikazimika, ESPN ya michezo ikiwemo, kwa karibu wateja milioni 15, katikati ya mashindano ya tenisi ya US Open na ligi za vyuo za mpira wa Kimarekani zikiwa zimeanza. Septemba 11, saa chache kabla ya mechi kubwa ya mpira huohuo ya Jumatatu usiku, wakapatana. Disney+ yenye matangazo ikaingizwa ndani ya kifurushi kikuu cha Charter bila mteja kutozwa zaidi, na chaneli kadhaa zilizokuwa zinajaza nafasi tu zikaondolewa. Mwaka uliofuata Charter ikapata makubaliano ya namna hiyohiyo na wenye chaneli wengine.

Charter si malaika. Fedha yake nzuri iko kwenye intaneti, ndiyo maana iliweza kutishia kuachana na televisheni bila mikono kutetemeka. Lakini ninachokipenda kwenye mkasa ule ni kwamba ulithibitisha jambo linawezekana. Mara nyingi tunaambiwa "mifumo haijaungana", "haki za maudhui ni tofauti", na maelezo mengine yanayomfanya mtu ajione mjinga kwa kuuliza. Siku kumi na moja tu za giza, na mifumo ikaungana. Haki za maudhui nazo zikaelewana.

Jambo lenyewe ni dogo. Anayelipia kifurushi kikubwa cha dishi afunguliwe programu ya kampuni hiyohiyo. Kama hamuwezi, basi mkihamisha kitu kutoka kwenye dishi, shusheni bei ya dishi siku hiyohiyo. Sisemi tupewe bure. Nasema kilicholipiwa kihesabiwe.

Halafu kuna unafiki wa michezo, ambao lazima niuguse japo kidogo. Februari 2024 wenye chaneli wakubwa watatu, Disney, Fox na Warner Bros. Discovery, walitangaza kuungana kuuza kifurushi cha michezo pekee mtandaoni, kikaitwa Venu Sports, bei dola 42.99 kwa mwezi. Wazo tamu. Ila Fubo, kampuni ndogo iliyoanza kwa kuuza soka, ikaenda mahakamani na swali ambalo sijui walijiandaaje kulijibu: sisi tumeomba miaka yote kuuza michezo peke yake, mkatulazimisha tubebe na chaneli zenu tusizozitaka, leo mnakiuza ninyi? Agosti mwaka huohuo jaji akausimamisha mpango, na Januari 2025 wenyewe wakauzika. Yaani kifurushi chembamba kiliwezekana muda wote, wao ndio walikuwa wameshika ufunguo.

Haya, nitoe haki, japo kwa shingo upande. Bei zile za mwanzo za mtandaoni zilikuwa chambo, na sisi tulikila chambo tukijua. Disney+ ilianza Novemba 2019 kwa dola 6.99, na katika mwaka wa fedha wa 2022 huduma za mtandaoni za Disney zilipata hasara ya uendeshaji ya takriban dola bilioni 4. Biashara haiendi hivyo milele. Bei ilikuwa lazima ipande, na imepanda, karibu kila mwaka. Kupanda kwa bei hakunikasirishi kama kunavyonikasirisha kulipishwa mara mbili. Bei ikipanda naiona, naamua. Kitu kikitolewa kimyakimya ndani ya kifurushi, naambiwa na baba yangu Jumapili jioni.

Wale waliotoroka dishi wakaenda kwenye televisheni ya mubashara ya mtandaoni nao wasitucheke sana. YouTube TV ilianza 2017 kwa dola 35, Januari 2025 ikafika 82.99. Ni dishi lilelile, limekosa sahani tu.

Na Netflix, iliyotuandikia Twitter mwaka 2017 kwamba mapenzi ni kushirikiana nywila, mwaka 2023 ikaanza kuhesabu nani analala nyumba gani. Mapenzi yaliisha.

Sasa mtindo mpya ni vifurushi vya programu. Mei 2024 Comcast, nayo kampuni ya televisheni ya waya, ilianza kuwauzia wateja wake Peacock, Netflix yenye matangazo na Apple TV+ kwa pamoja, dola 15. Waliotuambia tutoke kwenye kifurushi tuwe huru wanatukaribisha tena mlango wa nyuma, tena kwa bashasha. Nitanunua? Pengine, hesabu ya 10 na 3 haijabadilika. Lakini safari hii nitasoma yale maandishi madogo nikitafuta neno moja tu: je, kitu kikiondolewa humu, bei inakuwaje? Mpaka leo sijaliona.

Mnauliza mzee aliishia wapi. Yule dada wa simu alinipa "ofa" ya siku saba bure, sharti niweke kadi. Nikaweka. Siku ya nane fedha ikakatwa, kama kawaida. Programu ikakataa kufunguka kwenye televisheni yetu, eti ni ya toleo la zamani, kwa hiyo mzee anatazama kwenye simu. Kila Jumapili anavaa miwani, anasogeza kiti mpaka mbele kabisa ya meza ya televisheni, na simu anaiegemeza kwenye king'amuzi. Anasema kina urefu mzuri, na hakitelezi. Juzi katikati ya kipindi king'amuzi kikawaka taa nyekundu nyuma ya simu, na ujumbe ukashuka juu ya sura ya mhusika mkuu: mteja mpendwa, kifurushi chako kinaisha baada ya siku 3, lipia mapema uendelee kufurahia.

Akaufuta kwa kidole, akaendelea kutazama. Asubuhi akalipia.