Kama huna hela, kanunue mkaa

Maneno hayo aliambiwa mama mmoja wiki iliyopita kwenye duka la gesi huku Mbagala, mbele ya wateja wengine nikiwemo mimi. Alikuja na mtungi mtupu wa kilo 6 na noti ya elfu kumi. Akaomba kwa heshima: "Kaka, nichukue gesi kwa hii, iliyobaki nikuletee jioni nikimaliza kuuza?" Kijana wa dukani hakuinua hata macho kwenye simu. "Hatukopeshi, mama. Kama huna hela, kanunue mkaa." Mama akasema haya, akabeba mtungi wake, akavuka barabara. Upande wa pili kuna muuza mkaa, na mkaa akanunua kweli.

Hasira imenikaa tangu siku ile. Ukali wa kauli ni sehemu tu ya hasira hiyo. Kijana yule alikuwa na mteja mbele yake, mteja mwenye hela mkononi, mwenye mtungi tayari, anayetaka kabisa kupikia gesi. Akamwelekeza kwa mpinzani. Halafu aliponigeukia mimi akalalamika: "Biashara ngumu huku, bosi. Watu hawana hela."

Nakubali mambo kadhaa kabla sijaendelea. Gesi haipimwi kwa kikombe kama mafuta ya kula. Kuhamisha gesi kienyeji kutoka mtungi mmoja hadi mwingine ni hatari, watu wameungua. Pengine duka si lake, na kila mtungi unaotoka anaulizwa na mwenye mali. Na daftari la mikopo limeua maduka mengi sana, sitamlaumu mtu anayeliogopa. Yote sawa. Lakini hiyo sentensi ya watu hawana hela naikataa, kwa sababu naisikia kila mahali: kwa wenye minimart zilizofungwa, kwa wenye saluni zisizo na watu, hata kwenye semina za ujasiriamali ambako watu wazima wanaiandika kwenye madaftari.

Tupige hesabu basi. Chukua familia ya watu watano inayopikia mkaa, inamaliza kopo moja kwa siku, siku ya maharage inaongeza la pili. Tuseme kopo ni 1,500, wewe weka bei ya mtaani kwako. Kwa mwezi ni 45,000, na hapo sijahesabu maharage. Kujaza mtungi wa kilo 6 siku hizi ni elfu ishirini na kitu. Ukijaza mara mbili kwa mwezi umefika palepale. Kwa hiyo hela ipo, na inapita mkononi mwa yule mama kila mwezi bila kukosa. Kitu ambacho hana ni elfu ishirini na kitu zote kwa pamoja, Jumanne saa nne asubuhi, kabla hajauza vitumbua.

Hili ndilo watu wanaofungua biashara hawataki kuliangalia. Kipato cha mtaani kinaingia kwa siku. Bodaboda anapata leo, na leo hiyohiyo anatoa hesabu ya mwenye pikipiki. Anayeuza vitumbua anapata asubuhi. Wa genge anapata jioni, watu wakishuka kwenye daladala. Fundi ujenzi anapata Jumamosi, kama mwenye nyumba hajakimbia. Hela kubwa ya mara moja huwa ipo pia, inatoka kwenye mchezo au kikoba, lakini ina wenyewe tangu haijafika: mwenye nyumba anataka kodi ya miezi sita kwa mkupuo, shule zinafunguliwa Januari, kuna msiba Lindi. Baada ya hapo unamtegemea mtu huyo akutolee mkupuo mwingine kwa ajili ya nishati ya kupikia, na akishindwa unasema hana hela.

Sasa mtazame muuza mkaa. Anauza kwa kopo, kwa kisado, kwa gunia, chagua mwenyewe. Mtoto anatumwa na elfu moja na anarudi na mkaa. Saa mbili usiku yupo, saa kumi na mbili asubuhi yupo. Anakaa umbali wa kuita kwa sauti. Mkaa unauona kwa macho: kopo limejaa au halikujaa, vumbi ni jingi au kidogo, mnabishana hapohapo na anakuongezea vipande viwili. Gesi huioni. Unabeba chuma, unaamini. Kanuni zinamtaka muuzaji wa gesi awe na mizani dukani ili mteja apimiwe mtungi kabla hajalipa. Jaribu kuomba upimiwe, uone utakavyotazamwa.

Muuza mkaa huyu hajasoma masoko na hana bango. Biashara yake yote, kuanzia kipimo mpaka saa ya kufungua, imekatwa kwa vipimo vya mfuko wa mteja wake. Ndiyo maana mkaa unaishinda gesi, pamoja na moshi wake, pamoja na masizi, pamoja na macho mekundu ya mama zetu. Nasikia watu wa ofisini wakisema wananchi wanahitaji elimu juu ya faida za gesi. Mama yule alikuwa na elimu hiyo. Alikuja dukani na mtungi!

Na msiniambie haiwezekani, kwa sababu imeshafanyika hapahapa Dar es Salaam. Watu wa kampuni ya KopaGas walifunga mita kwenye mtungi. Mteja anapelekewa mtungi kamili nyumbani, hatoi bei yake yote, anatuma kiasi alichonacho kwa simu na mita inamfungulia gesi ya kiasi hicho. Ikiisha inafunga, akipata tena anatuma tena. Mtungi ukikaribia kwisha kampuni inajua kabla ya mteja na inaleta mwingine. Kwa lugha ya mtaani, walitengeneza kopo la gesi. Januari 2020 teknolojia hiyo ilinunuliwa na kampuni ya Circle Gas ya Uingereza kwa dola milioni 25, na Kenya wanaifahamu kwa jina la M-Gas. Dola milioni 25 zilitokana na mtu aliyekaa akauliza kwa nini mama wa Dar ananunua mkaa wa elfu moja, akaamini jibu alilopewa.

Hata bila mita kuna njia. Kudunduliza ni utaratibu wetu wa siku zote. Fundi cherehani anaukubali, muuza vitenge anaukubali, muuza vyombo anaukubali: unaacha elfu mbili leo, elfu tatu kesho, inaandikwa, ikitimia unachukua mali yako. Hapo muuzaji hakopeshi mtu, anashika hela ya mteja mapema. Kwa nini duka la gesi lisiwe na daftari hilo? Mteja akianza kudunduliza siku mtungi wake unapofika nusu, utakapoisha wa pili ameshaulipia. Muuzaji anapata kitu ambacho hana leo, kujua wiki ijayo atauza mitungi mingapi.

Nimesikia pia hoja kwamba mteja ukimuuliza hajui anachotaka. Hapo kuna ukweli kidogo, na ndiyo maana kuuliza peke yake hakutoshi, inabidi utazame anafanya nini. Mwaka 2005 Safaricom, kampuni ya simu ya Kenya, walipoanza majaribio ya M-Pesa, lengo lilikuwa wakopaji wa taasisi ya mikopo midogo ya Faulu walipe marejesho yao kwa simu. Watu wa majaribio wakapewa simu, wakaanza mambo yao. Huyu anamtumia ndugu yake hela. Yule anaweka pesa kabla ya kupanda basi na kuzitoa anakofika, ili asiibiwe njiani. Wangeweza kuwakemea kwamba huduma hii ni ya mikopo. Badala yake waliweka mikopo pembeni, na Machi 2007 wakaingia sokoni na ujumbe mmoja tu, tuma pesa nyumbani. Kabla ya mwaka huo kwisha walishavuka wateja milioni moja. Na miaka saba kabla ya hapo kampuni hiyohiyo ilikuwa imeanza kutoza simu kwa sekunde, wakati mpinzani wake KenCell anatoza kwa dakika. Mtu mwenye salio la maneno matatu aliweza kusema maneno matatu. Nani aliwashinda wengine, kila mtu wa Afrika Mashariki anajua.

Lakini kuna jambo linaniumiza katika hoja yangu mwenyewe na sitalificha. Kipimo kidogo ni ghali. Anayenunua mkaa kwa kopo analipa zaidi kwa kilo moja kuliko anayenunua gunia. Mafuta ya kipimo, sukari ya robo, unga wa nusu, vyote ni hivyohivyo. Maskini wa nchi hii ndiye anayelipa bei ya juu kuliko wote, kila siku, na wapo wanaofahamu hilo vizuri sana na wamejenga utajiri juu yake. Walioweka pombe kali kwenye viroba, vile vipakiti vidogo, walijua hasa mfuko wa kijana wa kijiweni una shilingi ngapi saa mbili asubuhi. Ilibidi Serikali ipige marufuku Machi 2017, wakati vijana wengi walishaharibika. Wenye mikopo ya kausha damu nao wanaijua shida ya mteja kuliko hata mume wake anavyoijua. Wanajua ada ya shule inatakiwa Jumatatu. Wanampa ndani ya dakika tano, na akichelewa wanawatumia ujumbe watu wote waliomo kwenye simu yake ili adhalilike. Novemba 2024 Benki Kuu ilitangaza programu na majukwaa 69 ya mikopo yasiyo na leseni. Orodha ndefu kiasi hicho inaonyesha jinsi shida ya watu ilivyo mtaji.

Kwa hiyo ninaposema jenga biashara juu ya anachohitaji mteja, nina maana ya mteja ambaye mwakani bado ungependa kumuona amesimama. Kiroba kilikuwa kipimo sahihi cha kitu kibaya. Kausha damu inakuja saa sahihi na kamba mkononi. Kopo la gesi ni kipimo sahihi cha kitu ambacho kinamtoa mama kwenye moshi, na inatosha muuzaji apate faida yake ya halali pale.

Kwa wadogo zangu wanaoniandikia kuomba ushauri wa biashara, machache ya haraka. Andika bei kwenye picha, hiyo "bei njoo inbox" inamchosha mteja na anahisi unampima sura. Tafuta chenji kabla hujafungua duka. Usifunge saa kumi na mbili jioni kwenye mtaa ambao watu wanarudi saa moja.

Sasa nirudi kwenye jiko, kwa wakubwa. Tunao Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia wa 2024 hadi 2034, na shabaha yake ni asilimia 80 ya Watanzania wapikie nishati safi ifikapo 2034. Naiunga mkono kwa moyo wote. Wakala wa Nishati Vijijini (REA) imekuwa ikiuza mitungi ya kilo 6 kwa ruzuku ya hadi nusu ya bei, na viongozi wamegawa mingine mingi bure, kwa picha na shangwe. Ila mtungi wa kwanza haujawahi kuwa tatizo kubwa la yule mama. Tatizo lake ni wa pili. Ingieni nyumbani kwa watu mkaangalie chini ya vitanda: mitungi ipo, mitupu, imefunikwa na ndoo. Ruzuku ile ingesaidia mara nyingi zaidi kama sehemu yake ingelipia mita, au ingempunguzia bei yule anayejaza kidogo kidogo ili asiadhibiwe kwa kukosa mkupuo. Na kila tunapotangaziwa idadi ya mitungi iliyogawiwa, tuombe na idadi nyingine: mingapi imejazwa tena mara ya pili, mara ya tatu, mara ya sita. Kampuni za gesi zinazo namba hizo au zinaweza kuzipata. Wizara izitoe kila baada ya miezi mitatu, mkoa kwa mkoa, na Mbagala tutazisoma.