Marejeo ya jinai si rufaa iliyochelewa

Maombi mengi ya marejeo, yaani kuiomba Mahakama Kuu ya Kenya ikague uamuzi wa mahakama ya chini, hutaja vifungu vya 362 na 364 vya Sheria ya Mwenendo wa Jinai, Ibara ya 165 ya Katiba, kisha humalizia na "mamlaka ya asili ya mahakama". Hayo ya mwisho, yaani uwezo ambao mahakama inao hata bila kuandikwa katika sheria, hutiwa kwa matumaini kwamba jaji atalegeza pale sheria ilipobana. Kwa maoni yangu, hawezi. Mamlaka ya asili hufanya kazi pale sheria iliponyamaza, na kuhusu marejeo sheria haikunyamaza.

Kifungu cha 364(5) kinasema wazi: kama uamuzi ungeweza kukatiwa rufaa na rufaa haikukatwa, ombi la marejeo la yule aliyekuwa na haki hiyo halipokelewi. Muda wa rufaa ni siku 14, na kifungu cha 349 kinaruhusu kuongezwa muda kukiwa na sababu ya kuridhisha. Kwa hiyo aliyechelewa ana njia yake, nayo ni kuomba ruhusa ya kukata rufaa nje ya muda. Wengi huikwepa kwa sababu watalazimika kueleza walichelewa kwa nini. Huandika "marejeo" juu ya karatasi, halafu ndani wanalalamika kwamba shahidi wa pili alijipinga na hakimu akapuuza utetezi. Kupima ushahidi upya ni kazi ya rufaa. Marejeo huangalia kama uamuzi ni halali, sahihi na unaofaa, na kama utaratibu ulifuatwa.

Chukua wizi wa kawaida chini ya kifungu cha 275 cha Kanuni ya Adhabu, ambao kifungo chake hakizidi miaka 3. Hakimu akitoa miaka 4 kwa shtaka hilo, kosa linaonekana mara tu unapoweka hati ya mashtaka kando ya hukumu. Hapo jaji aite faili bila kusita, hata kama kilichomfikia ni barua tu ya mfungwa iliyoandikwa kwa mkono. Katazo la 364(5) linamfunga mhusika. Halimzuii jaji kuchukua hatua kwa hiari yake akishajua kuna kifungo kisicho halali. Lakini hakimu akitoa miaka 2 na mfungwa akaona ni mingi, hiyo ni rufaa juu ya adhabu.

Walionaswa na kifungu cha 348 ndio ninaowahurumia zaidi. Aliyekiri kosa hana rufaa ila juu ya ukubwa au uhalali wa adhabu. Kama kumbukumbu za kesi zinaonyesha hakusomewa maelezo ya kosa, au alijibu "ndiyo, lakini alinipiga kwanza" na bado ikaandikwa amekiri, marejeo ndiyo mahali pake. Hapo Mahakama Kuu isiwe bahili.

Upande wa mashtaka nao una mpaka wake. Marejeo hayawezi kugeuza kuachiliwa huru kuwa hatia, 364(4) inakataza. Mkurugenzi wa Mashtaka ya Umma asiyeridhika akate rufaa chini ya 348A. Na mfungwa ajue kwamba katika marejeo adhabu inaweza pia kuongezwa, mradi asikizwe kwanza yeye au wakili wake, na isizidi kile ambacho hakimu mwenyewe angeweza kutoa. Wengi huomba bila kuambiwa hilo.

Tangu uamuzi wa Muruatetu wa mwaka 2017, ambapo Mahakama ya Juu ilisema adhabu ya kifo ya lazima kwa mauaji inakiuka Katiba, kumezuka tabia ya kumrudia jaji wa Mahakama Kuu kuomba adhabu iangaliwe upya, hata pale jaji mwenzake alipokwisha kuithibitisha kwenye rufaa. Ibara ya 165(6) inatoa usimamizi juu ya mahakama za chini, si juu ya mahakama ya ngazi ya juu, na Mahakama Kuu yenyewe ni ya ngazi hiyo. Faili ya namna hiyo inastahili kwenda Mahakama ya Rufani, na msajili angeweza kulisema hilo siku ombi linapowasilishwa, badala ya mfungwa kungoja miezi kadhaa ndipo aambiwe amegonga mlango usio wake.