Kadi yangu ililala kwenye droo ya mlinzi

Mwezi uliopita nilikwenda Posta, katikati ya jiji la Dar es Salaam, kufuata barua katika ofisi moja iliyoko ghorofa ya saba. Mlangoni mlinzi akanyoosha mkono: "Kitambulisho, dada." Nikatoa kadi yangu ya NIDA, yaani kitambulisho cha taifa, nikijua ataitazama na kunirudishia. Akaitumbukiza kwenye droo, akanipa kibao cha plastiki chenye namba 14, kisha akaniandika kwenye daftari: jina, namba ya simu, nakwenda kwa nani. Niliposhuka saa kumi na moja jioni zamu ilishabadilika, droo imefungwa, na ufunguo uko njiani kuelekea Gongo la Mboto, mfukoni mwa mwenyewe.

Kesho yake asubuhi nikarudi. Mlinzi mwingine, mkono uleule. "Kitambulisho?"

Nikamwambia ndicho nilichokifuata. Akasema bila kitambulisho haruhusiwi mtu kuingia.

Shoga zangu wamecheka mpaka wamechoka. Mimi nimebaki na swali: ni nani hasa mwenye haki ya kunidai kitambulisho, na kwa sheria ipi? Sheria ya Usajili na Utambuzi wa Watu ni ya mwaka 1986, ingawa kadi zenyewe tulianza kuziona 2013. Ukifikisha miaka 18 unatakiwa kujisajili. Hilo halina ubishi. Lakini kusajiliwa si sawa na kuwa tayari kupekuliwa pochi na kila aliyevaa sare. Trafiki akikusimamisha barabarani, ana sheria inayomruhusu kuomba leseni. Polisi anayeamini kwa sababu za msingi kwamba unaweza kumsaidia katika upelelezi anaruhusiwa kukuuliza jina na anwani. Hata laini za simu, zile foleni za alama za vidole zilizotutoa jasho mpaka tarehe 20 Januari 2020, zilikuwa na kanuni nyuma yake, uipende usiipende. Mlinzi wa jengo amesimamia wapi? Kwenye haki ya mwenye nyumba: anaweza kunikatalia nisiingie. Sina ugomvi na mlango wake, ugomvi wangu ni droo.

Mji huu unaijua tabia hii tangu zamani. Mwaka 1983, wakati wa Nguvu Kazi, ile kampeni ya Serikali ya kutaka kila mtu awe na kazi, mtu alikamatwa mtaani kwa kukosa karatasi ya kuonyesha ana kazi, akarudishwa kijijini, hata kama kijiji chenyewe hakukijua vizuri. Baadaye ikaja ya mgambo na stakabadhi za kodi ya maendeleo, mpaka kodi hiyo ilipofutwa 2003. Karatasi iliyotungwa kwa shughuli moja ikageuka fimbo ya shughuli nyingine. Waingereza nao yaliwakuta. Mwaka 1950, vita vimekwisha miaka mitano, polisi wa London alimdai kitambulisho dereva mmoja, Clarence Willcock, kwa sheria ya wakati wa vita. Akakataa. Mahakama ilimkuta na hatia lakini haikumpa adhabu, na Jaji Mkuu, Lord Goddard, akawakemea polisi kwa kudai kadi kama mazoea, kwa jambo ambalo sheria haikutungiwa. Mwaka 1952 vitambulisho hivyo vikafutwa.

Sisi hatuhitaji kufuta chochote. Tunayo Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, na inasema wazi: taarifa za mtu zikusanywe kwa kusudi mahsusi na halali, zisizidi kinachohitajika, zisikae muda mrefu kuliko kinachohitajika. Sasa lichukue lile daftari la mapokezi. Liko wazi mezani, na kila mgeni anasoma jina na simu ya aliyemtangulia. Likijaa linakwenda wapi? Mimi nimewahi kununua karanga Kariakoo zikiwa zimefungwa kwenye kopi ya fomu ya mtu, picha ya pasipoti ikinitazama. Na namba ya NIDA si namba ya kabati. Tarakimu 20, nane za mwanzo ni tarehe yako ya kuzaliwa. Kama hujawahi kubonyeza *106# kuona ni laini ngapi zimesajiliwa kwa jina lako, bonyeza leo, huenda ukakuta una ukoo mkubwa.

Halafu kuna wale ambao kadi hawana kabisa. "Namba ninayo, kadi bado," utasikia, na hiyo "bado" ina miaka. Huyu ni raia, na Ibara ya 17 ya Katiba inampa haki ya kwenda kokote katika nchi yake. Tunamsimamishaje mlangoni kwa kukosa kitu ambacho Serikali yenyewe haijamkabidhi?

Juzi nilipita tena jengo lilelile. Nikaonyesha kadi, ila sikuiachia mkononi. "Isome kaka, andika jina, ila naondoka nayo." Akasema ni maelekezo ya bosi. Nikamuuliza bosi amesoma sheria ipi. Akanitazama, akacheka, akaandika jina langu, akanisogezea kile kibao. Nyuma yangu kwenye foleni watu watano walikuwa wameshatoa kadi zao, wamezishika mkononi.