Askari ana sanamu, mpagazi ana soko

Ukishuka Posta jijini Dar es Salaam ukafuata Mtaa wa Samora, utamkuta yule askari wa shaba kwenye kipilefti, singe mbele, bunduki ameielekeza bandarini. Yupo pale tangu 1927. Mahali hapo hapo Wajerumani walikuwa wamesimamisha sanamu ya Hermann von Wissmann, gavana wao wa zamani, mwaka 1911, na Waingereza walipouchukua mji mwaka 1916, katika Vita vya Kwanza vya Dunia, wakamng'oa. Mpagazi aliyembebea askari huyo risasi na unga ametajwa kwenye maandishi ya chini, kwamba alikuwa miguu na mikono ya jeshi. Zaidi ya hapo ameachiwa jina la soko. Kariakoo ni Carrier Corps, kikosi cha wapagazi, kama masikio ya watu wa mji yalivyolipokea jina hilo. Nairobi nako wana Kariokor yao.

Tanzania huwakumbuka mashujaa wake 25 Julai, Kenya 20 Oktoba. Siku hizo zikikaribia kuna swali linalostahili kuulizwa kwa sauti kuliko tunavyouliza: huyu wa sokoni naye ni shujaa, au alikuwa mtu wa bahati mbaya tu?

Wanaotaka heshima ibaki kwa wapiganaji hawasemi upuuzi. Kwao ushujaa ni tendo. Ni mtu aliyekuwa na nafasi ya kurudi nyuma akasonga mbele, na wenzake wakamwona. Ndiyo maana nishani ina masharti yake, ina mashahidi, ina karatasi. Ukimwita shujaa kila aliyefia vitani, hata aliyemalizwa na kuhara kambini bila kuwahi kumwona adui, neno linapwaya, na yule aliyeingia kwenye risasi kwa ajili ya wenzake anabaki hana jina la peke yake. Wa kuhara ahurumiwe, wanasema, lakini saluti ni ya mwingine. Mimi hoja hiyo naiheshimu. Kinachonisumbua ndani yake ni hilo neno "mashahidi".

Tuchukue mfano ambao hauna ubishi. Tarehe 19 Mei 1941, huko Colito, Ethiopia, Sajini Nigel Leakey wa King's African Rifles, jeshi la Waingereza la Afrika Mashariki, alivirukia vifaru vya Waitaliano kwa miguu, akauawa, na baadaye akatunukiwa Msalaba wa Victoria, nishani ya juu kabisa ya ushujaa ya Uingereza. Aliistahili. Lakini soma taarifa rasmi ya tunuku hiyo: inasema alivivizia vifaru hivyo akiwa pamoja na sajini meja Mwafrika na askari wengine wawili. Basi. Watu wanne wanaviendea vifaru katika uwanja mmoja, chini ya risasi zile zile, na karatasi inambeba mmoja kwa jina, watatu kwa rangi na cheo. Ikiwa waliokuwa mstari wa mbele kabisa, mbele ya macho ya ofisa, wangeweza kupotea katikati ya sentensi, aliyekuwa nyuma na gunia kichwani alikuwa na shahidi gani?

Kuna kisa kinachosimuliwa cha mwaka 1964. Bunge la Ujerumani Magharibi liliidhinisha askari wazee wa jeshi la Mjerumani walipwe malimbikizo yao, na dawati la malipo likafunguliwa Mwanza. Wazee wakaja mamia, wenye vyeti wakiwa wachache. Basi kila asiye na karatasi akapewa ufagio na kuamriwa kwa Kijerumani afanye gwaride la silaha, na inasemekana hakuna aliyekosea. Ni kisa kitamu, na watu hukipenda. Ila mimi kila nikikisikia huwaza mpagazi angefika pale na kuonyesha nini. Shingo yake?

Maana kazi yenyewe tunaichukulia kama kazi ya pembeni, na ndipo hesabu inapotuaibisha. Ndorobo waliua farasi na punda, barabara hazikuwapo, reli ziliishia mbali na mapigano. Mzigo wa mtu mmoja ulikuwa ratili 50 na zaidi, ratili moja ikiwa karibu nusu kilo. Kama kabeba unga, na yeye mwenyewe anakula ratili mbili kwa siku, basi akitembea siku 12 kwenda na 12 kurudi, mzigo karibu wote umeishia tumboni mwake. Ili askari mmoja ale akiwa ndani ya pori, walihitajika wapagazi wa kuwabebea wapagazi. Ndiyo maana Waingereza peke yao walichukua wapagazi wapatao milioni moja katika vita vya Afrika Mashariki. Sheria ya mwaka 1915 katika eneo ambalo leo ni Kenya iliruhusu watu wakamatwe kwa nguvu, na mwaka 1917 John Ainsworth, ofisa wa serikali ya kikoloni, akaongoza msako mkubwa kuliko yote. Waliuawa zaidi na malaria, nimonia na kuhara damu kuliko risasi. Kumbukumbu rasmi zinakaribia vifo 100,000.

Neno "zinakaribia" silipendi, na hapa naomba msomaji avumilie kidogo. Mwaka 2021 Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola ilitoa ripoti ya kujichunguza yenyewe. Tume hiyo iliundwa 1917 kwa ahadi kwamba kila aliyefia vitani ataenziwa sawa na mwenzake, bila kujali cheo, rangi wala dini. Ripoti ikakiri kwamba watu wasiopungua 116,000, na huenda kufikia 350,000, wengi wao wa Afrika Mashariki na Misri, hawakukumbukwa kwa majina, au hawakukumbukwa kabisa. Wengi waliishika ile 350,000 kwa ukubwa wake. Mimi naishangaa tofauti. Kati ya 116,000 na 350,000 kuna watu 234,000 ambao hakuna anayeweza kusema kama walikufa au la. Mfugaji akipotelewa na mbuzi hasemi wamepotea kati ya kumi na thelathini. Jeshi lina daftari la risasi, la magunia, la viatu. Pengo la ukubwa huo halitokani na moshi wa vita. Linatokana na mtu aliyekaa mezani akaona hakuna haja.

Na tunajua aliona hivyo, kwa sababu aliyasema. Mwaka 1923 Frederick Guggisberg, gavana wa Gold Coast, Ghana ya leo, aliiambia tume hiyo kwamba mwenyeji wa kawaida wa koloni lake asingeelewa wala kuthamini jiwe la kaburi. Huku kwetu ikaamuliwa makaburi mengi ya Waafrika yaachwe yarudi porini, ya Wazungu yakapata mawe.

Sasa linganisha na tarehe 12 Februari 1944. Meli ya Khedive Ismail, iliyotoka Mombasa kwenda Colombo, ilipigwa na nyambizi ya Wajapani ikazama kwa muda wa dakika chache. Walikufa watu 1,297, mamia kati yao wakiwa wanajeshi wa mizinga wa Afrika Mashariki. Hawakufyatua risasi hata moja. Wengine walikuwa chini, ukumbini, meli ilipopasuka. Majina yao yameandikwa kwenye mnara wa ukumbusho ulioko katika makaburi ya vita ya Nairobi, na sijamsikia mtu akidai yafutwe kwa kuwa hawakufanya tendo la ushujaa. Basi kigezo cha tendo huwa tunakikumbuka anapotajwa mpagazi.

Lipo pingamizi zito zaidi, nalo halitoki kwa wapenda nishani. Linatoka kwa wanaouliza: mpagazi alikufa kwa ajili ya mfalme gani, nchi gani? Mtu kakamatwa usiku, kafungwa kamba, kapelekwa asikokujua. Leo umwandike kwenye jiwe kwamba alijitolea kwa ushujaa, na utakuwa umemsafisha aliyemkamata. Tena walikuwapo waliowakimbia wakusanyaji na kujificha milimani, na huenda nao ndio waliokuwa na ujasiri. Hapa sina jibu la kumaliza ubishi. Hata maandishi ya sanamu zetu, yaliyotungwa na mwandishi Mwingereza Rudyard Kipling, yanamwahidi marehemu kwamba wanawe watalikumbuka jina lake, ilhali waliosimamisha sanamu hawakulijua jina hilo na hawakujishughulisha kulitafuta. Ningekubali neno "shujaa" lisubiri. Jina lisisubiri. Cape Town waliweza: Januari 2025 ulifunguliwa ukumbusho wa nguzo za mbao, nguzo moja kwa kila mtu, kwa watu 1,772 wa vikosi vya kazi wasio na kaburi linalojulikana. Kila nguzo ina jina, bila sifa ndefu, na aliyekamatwa hakugeuzwa kuwa mtu wa kujitolea.

Wahenga walisema kwa mwoga huenda kicheko, kwa shujaa huenda kilio. Kwa kipimo hicho cha zamani, kinachohesabu vilio badala ya nishani, vijiji vilivyopokea vilio vya 1917 vina madai yao.

Katika Siku ya Mashujaa, viongozi huweka kwenye mnara mkuki na ngao, upinde na mshale, shoka, shada la maua. Kwa miaka kadhaa hafla hiyo ilifanyika Mnazi Mmoja, Dar es Salaam, ng'ambo tu ya barabara kutoka ilipokuwa kambi ya wapagazi. Sijawahi kuona ngata ikiwekwa pale. Inasokotwa kwa majani makavu, haina gharama, na gwaride halitachelewa hata dakika moja.