Mimi namtazama Rachel, Melinda baadaye

Riwaya ya Speak ya Mmarekani Laurie Halse Anderson ilitoka mwaka 1999, na kila anayeisifia anaisifia kwa jambo lilelile: binti aliyebakwa ananyamaza, mwishowe anasema. Si uongo. Ila sifa hiyo inambebesha mzigo mtu ambaye tayari alikuwa na mzigo wake, na wale waliokuwa karibu naye wanaponyoka hivihivi.

Kwa ambaye hajaisoma: Melinda anaanza sekondari akiwa hana rafiki hata mmoja. Kwenye pati ya likizo alipiga simu polisi, maneno yakamkwama, lakini polisi wakaja, pati ikavunjika, na shule nzima ikamnunia kwa kuwaharibia starehe. Hakuna aliyemuuliza alipiga kwa sababu gani. Usiku ule alikuwa amebakwa na Andy, kijana wa madarasa ya juu anayetamaniwa na wasichana. Mwaka mzima Melinda anazidi kuwa kimya, maksi zinaporomoka, anatafuna midomo mpaka inachubuka, anajificha kwenye stoo ya mfagiaji isiyotumika. Rachel, rafiki yake wa kufa na kuzikana tangu utotoni, anampita kwenye korido kama hamjui.

Kwa hiyo binti alijaribu kusema tangu usiku wa kwanza. Alinyanyua simu. Kilichofuata ni kutengwa.

Sehemu inayonikaa kichwani ni ya maktaba. Rachel ameanza uhusiano na Andy, na Melinda anaogopa yaliyompata yeye yasimpate mwenzake. Wanaandikiana kwenye karatasi kwa sababu kuongea hakuruhusiwi. Melinda anaandika kwamba alibakwa kwenye pati ile. Rachel anashtuka, anamwonea huruma, anauliza maswali yote ambayo rafiki anapaswa kuuliza, halafu anauliza: ni nani? Jina linaandikwa. Pale pale huruma inakauka. Melinda anaitwa mwongo, anaambiwa ana wivu. Mwandishi hakurefusha, na ndiyo maana inauma. Kumhurumia aliyeumizwa na mtu usiyemjua ni rahisi. Kazi inaanza pale jina likiwa la mtu unayempenda, au mjomba anayelipa ada, au ustadhi, au mchungaji, au kaka wa duka la jirani anayekukopesha vocha.

Nilisoma sehemu hiyo na binti wa dada yangu, yuko kidato cha tatu, siku ya Jumapili, barazani kwetu Tabata, anafumua rasta zake na kuzitupia kwenye mfuko wa rambo. Nilitegemea amlaani Rachel. Akamtetea. "Mamdogo, mtu hajasema mwaka mzima, leo anakuja kumtaja mpenzi wangu, ungeamini wewe?" Akaendelea kufumua. Kisha akaongeza, bila kuniangalia: "Na ukishaamini unafanyaje? Unamwambia nani?"

Swali la kwanza ni la ubishi tu, wote tunalo. La pili ni zito, na ni letu sisi watu wazima.

Mtoto wa Dar hakosi kuambiwa aseme. Vunja ukimya, toa taarifa, paza sauti: mabango yapo, fulana zipo, na kila mwaka siku 16 za kupinga ukatili wa kijinsia zinaadhimishwa kwa hotuba. Lakini mtoto haanzii kituo cha polisi. Anaanzia kwa mwenzake wa dawati, au kwenye daladala wakirudi nyumbani, na anaanza kwa kupima: "kuna rafiki yangu mmoja..." Huyo anayepimwa hatujamfundisha chochote. Ana miaka 15, na nyumbani amekulia kwenye funika kombe mwanaharamu apite. Anajua wakubwa wakisikia watakaa kikao sebuleni, watalimaliza kifamilia, na binti ndiye atakayepelekwa kwa bibi Tanga ili "apumzike".

Si kwamba tatizo ni dogo. Utafiti wa kitaifa wa ukatili dhidi ya watoto, uliofanyika mwaka 2009 na kutolewa mwaka 2011, ulionyesha karibu wasichana 3 kati ya 10, na mvulana 1 kati ya 7, walifanyiwa ukatili wa kingono kabla ya kufika miaka 18. Mvulana 1 kati ya 7, na wavulana ndio kabisa hatuwaulizi. Wala si kwamba sheria imelala. Tangu Sheria ya Makosa ya Kujamiiana ya mwaka 1998, mahakama zetu zinaweza kumtia mtu hatiani kwa maneno ya mtoto aliyetendewa peke yake, ikiwa zimeridhika kwamba anasema kweli. Sheria hiyo imeitangulia hata riwaya yenyewe. Hakimu anaruhusiwa kumwamini mtoto bila shahidi mwingine, wakati sisi huku mtaani bado tunauliza alikuwa amevaa nini.

Na fasihi tunayowapa? Waliosoma Orodha ya Steve Reynolds wanamkumbuka Furaha, binti anayekufa kwa UKIMWI: anasema yake kwa barua, na barua inasomwa akiwa ameshakufa, watu wazima wakitetemeka wasije wakatajwa. Ni tamthiliya kali sana. Lakini ikifika darasani inageuka "jadili dhamira, hoja tatu kwa kila kitabu", mwanafunzi anakariri "ukosefu wa uwazi katika jamii", anapata maksi zake, na jirani yake wa dawati anaendelea kukaa na lake. Siwalaumu walimu, darasa limejaa na mtihani wa taifa unasubiri. Ndiyo maana hata mwalimu wa sanaa wa Melinda, mwenye nafasi ya kumwachia mwanafunzi mmoja mwaka mzima ahangaike na mchoro wa mti, namwona kama mtu wa ndotoni.

Kitu cha kweli zaidi kwangu ni ukuta wa choo. Melinda anaandika jina la Andy chooni, chini ya maneno ya kuwaonya wasichana wajiepushe naye. Siku nyingine anakuta wengine wameongeza yao, kwamba wanamjua huyo. Ukuta ulimwamini kabla ya Rachel.

Binti wa dada yangu nilimjibu hivi. Mwenzio akikwambia, mwambie unamwamini na kwamba si kosa lake, usimhoji kama askari, usilitangaze kwenye grupu la WhatsApp. Mpige 116, namba ya bure ya watoto. Kama ni jana au juzi, hospitali haingoji, kwa sababu dawa za kuzuia maambukizi ya VVU zinatakiwa kuanza ndani ya saa 72. Polisi kuna Dawati la Jinsia na Watoto. Na mje kwangu kwanza mkiogopa, hata usiku. Akasema sawa, akaomba nimshikie kioo aone kisogo kama kimeisha.

Ninachokitamani sasa ni riwaya ya Kiswahili ya vijana, ya hapahapa, Temeke au Kimara, wala asiisimulie aliyeumizwa. Aisimulie Rachel. Tumwone siku anapoambiwa jina, tukae naye usiku ule akiwa hajalala, simu mkononi, picha za huyo kijana zimejaa humo, na tuone asubuhi anakaa dawati gani.